Kambi ya Barafu Nyuma ya Vyoo

Mwalimu wetu wa Jiografia hakuwahi kuona barafu nyingi kuliko ile inayokwaruzwa ndani ya friji ya soda, lakini Februari ya mwaka juzi alitutia watu watatu kwenye hema la turubai, akatuambia kwamba tuko kusini kabisa mwa dunia, mahali ambapo mate huganda kabla hayajafika chini. Nje jua la jilaal, kiangazi chetu kirefu, lilikuwa linakaanga mawe ya Garissa. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua za Elnino, wakati ng'ombe walikuwa wanakufa kando ya barabara ya Ijara na hata kunguru walikuwa wameshiba.

Mimi sikuingia hemani kwa mapenzi ya sayansi. Niliingia kwa sababu ya kucha.

Wiki tatu kabla, karani alipotoka kwenda kuswali, niliketi kwenye taipureta yake nikapiga tangazo: walimu wote wapya wafike gwaride la Jumatatu dakika kumi mapema kwa ukaguzi wa kucha na nywele. Nikaligonga muhuri. Nilidhani litachekesha watu wawili watatu kisha litang'olewa. Jumatatu wakatokea walimu wanne, wote wa kutoka bara, wamepanga mstari mbele ya bendera. Wa kwanza alikuwa naibu wa mwalimu mkuu. Alikuwa na miezi miwili tu huku kwetu, na bado aliamini kwamba Kaskazini Mashariki jambo lolote linawezekana. Mikono ameinyoosha, kucha juu. Shule nzima ilimwona.

Aliandika barua siku hiyo hiyo: nifukuzwe, nisirudi ila na mzazi. Sasa, baba yangu alikuwa ameshapokea barua mbili za namna hiyo. Baba hajui kusoma, kwa hiyo kila barua ilimlazimu kutafuta mtu wa kumsomea mbele ya watu, na kila mara watu walicheka mahali pasipopaswa. Baada ya ya pili aliapa wallahi kwamba ya tatu ikifika, mkoba wangu wa shule utatiwa chumvi ya ngamia, nami nitapewa fimbo niende malishoni Sangailu, na huko ndiko nitakakofanyia mtihani wa kidato cha nne, watahiniwa wakiwa mimi na ngamia.

Aliyeniokoa ni yule mwalimu wa Jiografia. Alitaka watu watatu kwa siku tano za mapumziko ya nusu muhula, na alikuwa amewapata wawili tu. Akamwomba naibu aiweke ile barua kwanza. Wakaafikiana hivi: nikimaliza siku tano bila kuvuka kamba ya kambi, barua inachanwa. Nikivuka, inaondoka na lori la kwanza. Naibu aliitia kwenye mfuko wa shati, kona yake imechungulia nje, akawa anatembea nayo kama kalamu.

Mwalimu alikuwa na gazeti la zamani lenye picha za watafiti wa barafu, ndevu nyeupe kwa theluji, wanatoboa ardhi na kutoa mche wa barafu mrefu kama muwa ili wahesabu miaka ndani yake. Alikuwa amelisoma mpaka kurasa zikalegea. Alitaka kupeleka Nairobi, kwenye mashindano ya sayansi, utafiti wa jinsi watu wanavyoishi wakifungiwa kambini. Sisi ndio tuliokuwa utafiti.

Kanuni zake hizi hapa. Kambi imezungushiwa kamba yenye vitambaa vyekundu, kwa maana kule ukipita vitambaa weupe wa theluji unakumeza na hupatikani tena. Atakayevuka haendi Nairobi. Hakuna mgeni kuingia. Kila baada ya saa tatu tupime joto na upepo. Kila tone la maji lichemshwe dakika ishirini kwenye jiko la mafuta ya taa, kwa sababu kule maji ni barafu, na mtu akiishiwa na mafuta amekufa kwa kiu huku amekalia maji. Hilo nililipenda, nakubali. Kazi zote za nje tuzifanye tumevaa sweta, soksi mkononi, ili tujue taabu ya kuandika ukiwa na glavu. Asubuhi yeye, na jioni naibu, watasimama mbali na kutuuliza hali zetu kwa sauti kubwa. Hiyo ndiyo redio.

Kiwanja kilichopatikana kilikuwa nyuma ya vyoo. Upepo ulipogeuka tulijua.

Wenzangu walikuwa hivi. Kiongozi wa kambi alikuwa mtoto wa inspekta wa polisi, Mkristo wa kutoka bara, kijana mwenye saa ya mkononi na daftari. Aliandika kila kitu. Nikikohoa, anaandika. Wa pili alikuwa wa Bute, kule juu Wajir Kaskazini, mrefu, mkimya, hafidhi wa Kurani. Yeye alitaka Nairobi kwa sababu moja: kaka yake alikuwa huko, mtaa wa Islii, na hawakuwa wameonana miaka minne. Alitwambia siku ya kwanza, mara moja, hakurudia.

Ugomvi ulianza kabla hema halijasimama.

"Mlango uangalie kule," alisema wa Bute kwa lafudhi ya kwao. "Ubebo inatoka huku."

"Kwenye picha mlango uko huku," alisema Kiongozi.

"Picha haina ubebo."

Kiongozi akafuata picha. Saa nane upepo ukaingia mlangoni, ukalijaza hema kama puto, ukang'oa vigingi vyote vya upande mmoja, na turubai likatuangukia tukiwa tunakula biskuti. Wa Bute alikaa chini ya turubai, hakusogea. Nilimsikia akitafuna.

Tulipolisimamisha tena, Kiongozi akasema, "Nyinyi hata mkipewa hema mnawaza kuhama tu."

Nikamjibu, "Na nyinyi hata mkipewa hema mnawaza kuweka kizuizi mlangoni na kudai kipande."

Baba yake ndiye aliyekuwa akisimamisha mabasi darajani, kila mtu alijua.

"Shifta," Kiongozi akasema, lile tusi la kutuita sote majambazi.

Wa Bute akainuka, lakini hema lile huwezi kusimama wima, akagonga mwamba wa hema kwa kichwa. Nami nilirusha ngumi ikapata turubai. Hapakuwa na nafasi ya vita mle. Tulibaki tumeinama watatu, tunahema, jasho linadondoka, na Kiongozi akaangalia saa kwa kuwa wakati wa kupima joto ulikuwa umefika. Arobaini na tatu. Tukavaa sweta.

Siku ya pili asubuhi alipita mama mmoja anayeuzia walimu maziwa. Njia yake ya mkato hupita pale pale nyuma ya vyoo. Akasimama. Aliona watu watatu wamevaa sweta juani, soksi mikononi. Aliona vitambaa vyekundu. Aliona sufuria ya maji inachemka na karibu yake nyingine inangoja kuchemshwa. Muda huo huo mwalimu alikuwa kwenye redio, hatua thelathini kutoka kwetu, anapaza sauti: "Mmelalaje? Kuna anayeumwa tumbo?"

Mwalimu alipoondoka, yule mama akasogea kidogo.

"Mama, usikaribie," Kiongozi akamwambia. "Hapa hakuna ruhusa."

Kwetu mnyama mgonjwa hutengwa na kundi, huzungushiwa miiba peke yake, na anayemlisha hasogei. Mama alikuwa anatazama jambo analolijua tangu utoto wake. Akanigeukia mimi kwa Kisomali.

"Mwanangu, mnaumwa?"

Jibu la kweli lilikuwepo mdomoni. Lakini wa Bute alikuwa ananitazama, na tangu tuingie kambini hakuwa amecheka hata mara moja. Nikashika tumbo. Nikageuza macho mpaka weusi ukapotea. Nikamwita shangazi kwa sauti ya mtu anayekata roho, "Eddo, kwaheri. Waambie nyumbani nawasalimu."

"Nyumbani wapi?"

"Ijara," nikasema, na nikamtajia baba yangu, jina na ukoo, kwa kuwa mzaha usio na anwani haunogi.

Mama akaweka kibuyu cha maziwa chini, akarudi kinyumenyume akisoma dua, akaenda zake karibu anakimbia. Nilicheka mpaka nikalala chali. Wa Bute hakucheka.

"Ule ni mtu mzima," alisema.

Kibuyu hatukukigusa, kilikuwa nje ya kamba. Kilikaa pale mpaka maziwa yakaganda, kitu pekee kilichoganda kambini kwetu.

Siku ya tatu tulitoboa ardhi. Kwa kuwa hatukuwa na barafu, mwalimu alitupa bomba la maji na nyundo, tulipigilie chini, tulitoe, tuandike tabaka baada ya tabaka. Juu mchanga. Chini yake jivu na kizibo cha soda. Chini zaidi tabaka nene jeusi, la unga unga.

"Udongo mweusi wa mfinyanzi," Kiongozi akaandika.

Wa Bute alichukua kidogo, akakisaga kwa vidole, akanusa. "Hii ni mavi ya mbuzi," akasema kwa utulivu. "Ya zamani sana. Hapa kulikuwa na zizi la kulaza mbuzi, kabla ya shule. Watu walikaa hapa miaka mingi, wakahama, wakarudi. Angalia, kuna mstari wa mchanga katikati."

Ilikuwa kweli. Mtoto yeyote wa Ijara angejua, na mimi nilijua. Ndicho kitu kilekile cha kwenye gazeti la mwalimu, mche wenye miaka ndani yake, ila miaka yetu ilikuwa ya mavi. Lakini siku tatu za joto na biskuti zilikuwa zimenichachusha, na kimya cha yule mtu kilinikera kuliko matusi ya Kiongozi.

"Ni udongo tu," nikasema. "Huyu kila akionacho ni mavi. Ndivyo walivyo watu wa Bute."

Kiongozi akacheka, mara ya kwanza. Udongo mweusi ukabaki kitabuni. Wa Bute alinawa vidole kwa mchanga, akaenda upande wa pili wa hema kuswali.

Viatu vyake vya ngozi, vya kushonwa Wajir, alikuwa amevivua ubavuni. Nikakichukua kimoja, nikakirusha nje ya kamba. Nilitaka kumwona akirukaruka kwa mguu mmoja kwenye mchanga ule, basi. Alipomaliza swala akakiona. Alijua kanuni. Akatafuta fimbo, hakuna iliyofika. Akakaa chini kukitazama. Nadhani angekaa hivyo mpaka siku ya tano.

Ndipo mbwa mmoja wa sokoni akaja, akakinusa, akakibeba mdomoni.

Wa Bute alivuka. Hatua nne, mguu mmoja peku. Mbwa akakiachia. Aliporudi, Kiongozi alikuwa ameshaangalia saa.

"Umevuka. Saa tisa na dakika kumi na mbili."

"Kuna mtu alitupa kiatu yangu."

"Ulimwona?"

"Sikuona. Nilikuwa kwa swala."

Kiongozi akanigeukia. "Ni wewe?"

"Mimi niko barafuni," nikasema. "Nimeganda, siwezi kuinua mkono."

Kiongozi akaandika. Wa Bute akavaa kiatu chake, kina alama za meno ya mbwa kisiginoni, akaingia hemani. Hakunisemesha tena. Kaka yake wa Islii alikuwa ameondoka na zile hatua nne, na sisi watatu tulilijua hilo. Ningeweza kusema "ni mimi" saa hiyo, na mwalimu pengine angemsamehe. Sikusema. Nilikuwa na siku mbili zangu za kulinda.

Siku ya nne, kama saa kumi, nilikuwa napima upepo, soksi mkononi, nilipomwona mtu mrefu anakuja kutoka upande wa vyoo, shuka begani, mweupe kwa vumbi tangu kope hadi miguu. Alitembea kama mtu aliyesafiri usiku kucha juu ya lori la ng'ombe. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya uso.

Habari ya kwamba mtoto wake anakufa kwa kipindupindu, ametengwa nyuma ya vyoo vya shule, ilikuwa imemfikia Ijara kwa siku moja na nusu. Barua za serikali huchukua wiki tatu.

Alisimama kwenye kamba. Mimi nilikuwa hatua tano ndani. Kwetu mtoto hamsalimu baba yake kwa mbali kama anayeita basi. Anakwenda, anashika mkono. Nikamwangalia Kiongozi. Kiongozi akaangalia saa yake. Nikahesabu pumzi tatu, na katika hizo niliona Sangailu yote, mpaka inzi.

Nikavua soksi, nikavuka.

"Saa kumi na dakika nne," nilisikia nyuma yangu.

Baba hakunipa mkono. Alinishika taya, akanifungua mdomo, akaangalia ulimi, akanivuta kope la chini, akanibonyeza tumbo, vile anavyokagua mbuzi wa kununua. Aliporidhika kwamba mimi ni mzima kabisa, akanizaba kofi nililolisikia mpaka kwenye meno.

"Mama yako ameshaanza kulia," akasema. "Analia tangu jana."

Nikajipangusa vumbi la kiganja chake shavuni.

Kisha akauliza mbona nimefungwa kamba. Nikaanza kueleza barafu. Nilikuwa nimefika kwenye ndevu zenye theluji naibu alipotokea kwa redio ya jioni. Akanikuta nje ya kamba. Uso wake ulitulia kama wa mtu aliyeshushiwa mzigo.

"Amevuka?" akamuuliza Kiongozi.

"Amevuka, mwalimu."

"Basi barua inakwenda kwa baba yake."

"Baba yake ndiye huyu," nikasema.

Naibu akatazama ile shuka, lile vumbi. Akaitoa barua mfukoni, akampa baba kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Baba akaigeuza upande huu na ule, akaninyooshea nisome.

"Hapana," akasema naibu haraka. "Si yeye. Wewe." Akamwonyesha wa Bute.

Wa Bute alitoka hemani polepole. Akaipokea. Kiongozi na naibu hawakujua neno la Kisomali, baba hakujua Kiswahili ila cha kuuzia ng'ombe. Katika watu wote wa Garissa, maisha yangu yaliwekwa kwenye mdomo wa mtu niliyemtupia kiatu chake nje ya kamba.

Alimsomea kwa Kisomali, sawasawa. Hakuongeza, hakupunguza. Taipureta, muhuri, mstari, mikono iliyonyooshwa. Alipofika kwenye kucha, kona ya mdomo wa baba ilitikisika, nikaiona, nikaanza kupata pumzi.

"Ndiyo hayo tu?" baba akauliza.

"Yaliyoandikwa ndiyo hayo, adeer," akajibu, akimheshimu kama ami yake.

Baba si mjinga. "Na yasiyoandikwa?"

Wa Bute akakunja barua, akaikunja tena. Kisha akamweleza kiatu. Alieleza kwa maneno machache kuliko niliyotumia mimi hapa. Kaka yake akamtaja mwishoni.

"Ulimwona akirusha?" baba akauliza, kama Kiongozi alivyouliza.

"Sikumwona."

Baba akanigeukia. "Ni wewe?"

"Ni mimi, aabo."

Ile kona ya mdomo haikutikisika tena. Alisema jambo la kucha ni la naibu na serikali yake, wataelewana. Lakini mwenzako wa hema, mnayekunywa sufuria moja, umemharibia safari ya kumwona nduguye, kisha ukakaa kimya. Akasema nina mbuzi jike yule mwekundu, wa kwangu tangu kuzaliwa kwake. Kuanzia sasa hivi ni wa huyu kijana.

"Sitaki mbuzi," akasema wa Bute.

"Sikukuuliza kama unataka."

Kisha akamuuliza swali ambalo mpaka leo sijui kwa nini hakuniuliza mimi wala naibu. "Huyu kuna faida kubaki hapa? Niambie kweli. Lori linarudi kesho."

Wa Bute alikitazama kisigino cha kiatu chake. Angesema hapana, ingekuwa haki yake.

"Kichwa anacho," akasema. "Haya hana."

Baba akamwambia naibu, wa Bute akitafsiri, kwamba ananichukua mpaka muhula uishe, ile haya iliyokosekana ataishughulikia yeye. Muhula wa pili atanirudisha. Barua inataka mzazi, mzazi atakuja. Kama hawanitaki, wamwambie sasa. Barua ilikuwa ya naibu mwenyewe, na ilisema hivyo hivyo. Akakubali kwa kichwa, bila furaha.

Nilichunga Sangailu wiki tano. Nisimulie nini. Ngamia hacheki.

Nairobi akaenda Kiongozi peke yake na mwalimu. Nilipokuwa naondoka nilimwambia mwalimu habari za kiatu, akasema majina yameshapelekwa. Wa Bute alibaki. Mpaka leo hatujawa marafiki, asikudanganye mtu. Ila Bute na Ijara ziko pande mbili za dunia, kwa hiyo mbuzi wake amebaki kwenye kundi letu, na kila shule inapofunguliwa yeye hunijia bwenini kabla hata sijatandika kitanda.

"Yuko hai?"

"Yuko."

"Amezaa?"

Mwaka jana alizaa mapacha, na mmoja aliuawa na mbweha. Nilipomwambia, pale getini, alinitazama kama Kiongozi anavyotazama saa. Mchungaji akipoteza mnyama wa mtu, neno lake halitoshi, sharti alete ngozi. Nami nilikuwa nimeshaichuna, nikaikausha vibaya, nikasafiri nayo juu ya lori ndani ya sanduku, kati ya vitabu na sare. Naibu ndiye aliyekuwa zamu ya ukaguzi getini siku hiyo. Alifungua sanduku, akarudi nyuma hatua mbili, kiganja puani.

"Hii ni nini?"

"Risiti, mwalimu."

Hakuniamini mpaka alipomwita mwenye mbuzi. Wa Bute akaitoa ngozi, akaishika juani, akalitafuta sikio lenye alama ya kundi letu, akaliangalia pande zote mbili. Akaridhika. Akaikunja, akaitia kwapani, akaenda nayo, bila kunipa salamu.